Texas sio jangwa la makauboi: mambo ambayo watu wengi wanayakosea

Ukitaja Texas tu, watu wengi wanaona zile picha za sinema, vumbi, farasi, jamaa kavaa kofia pana na bastola kiunoni. Sasa siku hizi ndugu zetu kibao wamehamia Houston, Dallas na Fort Worth, Wakongo, Wakenya, Watanzania, kwa hiyo naona tulijue hili jimbo lilivyo kweli maana yanayosemwa mtaani mengi sio.

Eti ndo jimbo kubwa kuliko yote Marekani. Hapana, Alaska inalizidi zaidi ya mara mbili. Texas ni la pili, kama kilomita za mraba 695,000, yaani linaipita Kenya nzima ila kwa Tanzania bado halifiki. Kwa watu pia ni la pili nyuma ya California, sensa ya 2020 ilihesabu milioni 29 na kidogo. Makao makuu ni Austin, sio Houston wala Dallas.

Eti ni jangwa tupu na joto mwaka mzima. Jangwa lipo, la Chihuahua, lakini liko kule magharibi upande wa El Paso na Big Bend, na hukohuko ndo kuna milima, kilele cha Guadalupe kina mita 2,667. Ukija mashariki unakuta misitu ya misonobari na vinamasi, Beaumont inapata mvua kama milimita 1,500 kwa mwaka wakati El Paso haifiki hata 250. Na baridi jamani isidharauliwe! Februari 2021 barafu ilipiga jimbo zima, mitambo ya umeme na mabomba ya gesi yakaganda, na kwa sababu gridi ya sehemu kubwa ya Texas imejitenga na ya majimbo mengine hawakuweza kuvuta umeme wa kutosha kutoka kwa majirani, mamilioni ya watu wakakaa gizani siku kadhaa, vifo vilivyohesabiwa na serikali ya jimbo ni 246. Ndugu yako anayeenda huko mwambie abebe koti.

Kwenye historia ndo kuna upotoshaji mkubwa. Utasikia vita ya 1836 ilikuwa Wamarekani wanapigania uhuru dhidi ya Wameksiko, basi. Kwanza Texas ilikuwa ardhi ya Meksiko, iliyopata uhuru wake toka Hispania 1821, na walowezi walioletwa na Mmarekani Stephen F. Austin waliingia kwa ruhusa ya serikali hiyo ya Meksiko. Pili, wapo wenyeji wenye asili ya Meksiko waliopigana upande wa Texas, kama Juan Seguín, na makamu wa rais wa kwanza wa Jamhuri ya Texas, ile nchi huru iliyotokana na vita hiyo, alikuwa Lorenzo de Zavala, mzaliwa wa Yucatán huko Meksiko. Tatu, na hili wengi wanaliruka, suala la utumwa lilikuwemo ndani. Meksiko ilitangaza kufuta utumwa 1829, walowezi wengi walikuwa wamekuja na watumwa wa kulima pamba na hawakutaka kuwaachia, na katiba ya Jamhuri ya Texas ya 1836 ikaulinda utumwa waziwazi, hata mtu mweusi aliye huru hakuruhusiwa kuishi pale bila kibali cha Bunge. Huwezi kusimulia Alamo, lile pigano maarufu la vita hiyo, ukaacha hilo.

Jamhuri ilidumu mpaka Desemba 1845 ikawa jimbo la Marekani, 1861 ikajitoa pamoja na majimbo ya kusini, wakashindwa vita ya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 19 Juni 1865 Jenerali Gordon Granger akatoa tangazo Galveston kwamba watumwa wote wako huru, miaka miwili na nusu baada ya tangazo la Rais Lincoln la kuwaachia huru. Hiyo ndo Juneteenth, sikukuu ya taifa zima tangu 2021. Ila utumwa Marekani haukuisha siku ile, Kentucky na Delaware uliendelea mpaka Desemba 1865 katiba ilipobadilishwa.

Na ile ya kwamba Texas ina haki ya kujitenga ikitaka, haipo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema 1869 jimbo haliwezi kujitoa lenyewe. Makubaliano ya 1845 ya kujiunga na Marekani yaliruhusu Texas igawanywe yapatikane majimbo mengine hadi manne, ndo watu wanachanganya.

Bendera ya Texas ya nyota moja je, eti ni Texas peke yake inayoruhusiwa kupeperusha bendera yake kwa urefu sawa na ya taifa? Majimbo yote yanaruhusiwa kufanya hivyo na bendera zao. Na yale maua ya bluu, bluebonnet, alama ya jimbo tangu 1901, hakuna sheria maalumu inayokataza kuyachuma, ila usiingie shamba la mtu.

Uchumi, watu wanajua mafuta na ng'ombe. Mafuta kweli, tangu kisima cha mafuta cha Spindletop kilipofumka Januari 1901, lakini Texas hiyohiyo ndo inaongoza Marekani kwa umeme wa upepo, na saketi ya kwanza iliyounganishwa kwenye kipande kimoja, yaani chipu kama zilizomo kwenye simu na kompyuta, mhandisi Jack Kilby aliitengeneza Dallas mwaka 1958.

La mwisho linawaumiza wageni: "Texas hakuna kodi." Kodi ya mapato ya jimbo haipo kweli, ya serikali kuu unalipa kama kawaida, dukani kodi ya mauzo inafika asilimia 8.25, na kodi ya nyumba ni kati ya zile za juu Marekani. Kabla hujanunua nyumba uliza inalipiwa kiasi gani kwa mwaka, na ukishahamia jaza fomu ya homestead kwenye ofisi ya uthamini ya kaunti, ni bure, inapunguza kodi kwa nyumba unayoishi mwenyewe.