Kaunti ikikuitisha ada ya sola

Fundi alikuwa juu ya mabati, paneli ya tatu bado imeegemezwa kwenye tangi la maji, pale kijana mmoja wa kaunti, mwenye reflekta, alipogonga geti. "Mama, kibali kiko wapi?" Hakuwa na karatasi, alikuwa na bei tu: elfu nane. Jirani akaninong'oneza, "Lipa tu, kanjo (kaunti) ni serikali, itatoza inachotaka."

Maneno hayo ya jirani nayasikia kila mahali Nairobi, na si kweli.

Dhana: Kaunti inaweza kutoza chochote, mradi iko kwenye eneo lake.

Kifungu cha 209 cha Katiba kinaitajia kaunti kodi zake: kodi ya ardhi na majengo, ushuru wa burudani, na nyingine yoyote ambayo Bunge limeiruhusu kwa sheria. Zaidi ya hapo, inaweza kutoza malipo ya huduma inayotoa. Neno lenye uzito hapo ni huduma. Mkaguzi akija, akapanda ngazi na kukagua nyaya, hiyo ni huduma. Kugonga geti si huduma.

Kifungu hichohicho kinakataza kaunti kutoza kwa namna inayoathiri sera za kiuchumi za taifa au kukwamisha bidhaa na huduma zinazovuka mipaka ya kaunti. Nacho cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayotozwa bila sheria. Kwa kaunti, viwango huwekwa kwenye Sheria ya Fedha inayopitishwa na bunge lake, baada ya wananchi kupewa nafasi ya kutoa maoni. Nakubali, wengi wetu hatuendi kwenye vikao hivyo, halafu tunalalamika ada zikishaanza.

Dhana: Hayo ni ya vitabuni, serikali kuu haiwezi kuizuia kaunti.

Sheria ya Nishati ya 2019 inakataza mashirika ya umma kutoza miundombinu ya umma ya nishati bila idhini ya maandishi ya Waziri. Kenya Power, kampuni ya umeme, iliishika sheria hiyo kaunti ya Nairobi ilipoidai mabilioni kwa ajili ya nguzo na nyaya zinazopita kwenye ardhi yake. Februari 2025 ubishi ukatoka kwenye barua ukaingia barabarani: malori ya kaunti yakamwaga taka nje ya Stima Plaza, makao makuu ya Kenya Power. Waliopita pale siku hiyo wameziba pua wanajua kuwa ukomo wa ada si mambo ya mawakili peke yao.

Lakini usijidanganye: kinga hiyo ni ya miundombinu ya umma. Paneli zako mbili tatu za nyumbani hazimo.

Dhana: Ada ikiwekewa ukomo, ukaguzi unakufa.

Huko California, Marekani, miji ilikuwa ikitoza kibali cha sola kila mmoja kivyake. Sheria ya jimbo ya 2012 ikaweka kikomo cha dola 500 kwa nyumba ya kuishi, na 2017 kikashushwa hadi 450, pamoja na dola 15 kwa kila kilowati inayozidi 15. Mfumo wa kilowati 20, kwa hiyo, hauvuki dola 525. Ukaguzi haukufutwa. Mji unaotaka kuzidisha unaruhusiwa, ila lazima uthibitishe kwa maandishi kwamba kutoa kibali kunaugharimu kiasi hicho. Hapo ndipo ninapowaonea wivu: anayetoza ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha hesabu. Kwetu Kenya sijaona kikomo cha namna hiyo kwa sola ya nyumbani.

Dhana: Ukiwa na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kaunti haikuhusu.

Inakuhusu. NEMA ni ya taifa. Jedwali la Nne la Katiba limewapa kaunti uzoaji taka, kelele na uchafuzi wa hewa, pamoja na mipango ya ujenzi. Mradi mmoja waweza kuhitaji vibali vya pande zote mbili, kila kimoja na kazi yake.

Nikamwambia yule kijana sikatai kulipa, anionyeshe tu mstari wa ada hiyo kwenye Sheria ya Fedha, na nilipe kwa mfumo wa kaunti, si kwa simu yake. Akasema anaenda kuleta jedwali. Fundi akauliza kama tumsubiri. Paneli ya tatu ilipanda kabla ya saa kumi, na jedwali bado liko njiani.