Kwa nini pafu hurudi lenyewe? Shaba iliyomo ndani ya pumzi

Asubuhi moja katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, kijana aliyekuwa akipasua mbuzi wa michopo, yaani nyama ya kuchoma, alishika koo la hewa, akalifuta, akapuliza. Pafu lililokuwa limenywea kama kitambaa kilicholowa likavimba, likawa jepesi, la rangi ya waridi. Alipotoa mdomo, hewa ikatoka taratibu na pafu likanywea tena. "Ona, yaya, linarudi lenyewe," akaniambia.

Mbuzi amekufa, misuli yake imeshalala. Ni nini basi kinachorudisha pafu?

Ndani ya pafu hamna uwazi mmoja kama wa puto. Muna vifuko vya hewa vidogo mno. Mtu mzima anavyo milioni mia kadhaa, kila kimoja na upana wa milimita 0.2 hivi. Katika kuta zake mumepita nyuzi nyumbufu, na nyingi zimezunguka mdomo wa kifuko kama mpira wa kiunoni mwa kaptula. Zimeshikamana na za kifuko jirani, na za mirija ya hewa, hadi kwenye utando wa nje wa pafu.

Kiini cha uzi huo ni protini iitwayo elastini, na pembeni yake mna vinyuzi vya fibrilini, ambavyo ndivyo kiunzi ilichojengewa. Elastini huvutika hata mara mbili ya urefu wake, kisha ikarudi. Jirani yake ni kolajeni, protini nyingine isiyovutika sana. Tazama baiskeli za makala (mkaa) zinazoingia mjini, magunia yamebanwa kwa vipande vya mpira wa gurudumu na kamba: elastini ndiyo mpira, kolajeni ndiyo kamba inayozuia mzigo usipite kiasi.

Kwa hiyo tukiwa tumetulia, misuli hufanya kazi wakati wa kuvuta hewa tu. Kuitoa ni nyuzi kujirudia. Hazifanyi peke yake, maana majimaji membamba yaliyotanda ndani ya vifuko nayo huvuta, tena kwa nguvu kubwa.

Linalonigusa zaidi, kama mtoto wa mji wa shaba, ni namna nyuzi hizi zinavyofungwa. Elastini hutoka kwenye seli ikiwa vipande vipande, visivyo na nguvu yoyote. Kimeng'enya kiitwacho lisili oksidesi ndicho huanzisha mafundo ya kuviunganisha, na bila shaba hakifanyi kazi. Nguruwe walionyimwa shaba katika chakula walipasuka mishipa mikuu ya damu. Panya waliharibika mapafu. Na shaba yenyewe ni kidogo ajabu: mwili mzima wa mtu mzima una kama gramu 0.1. Huipata kwenye karanga, maharagwe na maini. Vumbi la mgodi si chakula cha mapafu, huyaumiza.

Nyuzi nyingi hutengenezwa tumboni mwa mama na utotoni, kisha kazi hiyo karibu inasimama. Mzee wa miaka 70 anapumua kwa nyuzi zile zile za utotoni. Moshi wa tumbaku huzivizia: huita chembe nyeupe za damu, nazo hutoa elastasi, kimeng'enya kinachokata elastini. Ini hutuma mlinzi wa kuizuia elastasi, protini iitwayo alfa-1 antitripsini. Mwaka 1963, watafiti Laurell na Eriksson wa Sweden walieleza juu ya watu waliopungukiwa na mlinzi huyo, na baadhi yao mapafu yalikuwa yamebomoka.

Nyuzi zikikatika, kuta za vifuko huvunjika, vidogo vingi vikawa vikubwa vichache. Huo ni ugonjwa wa emfisema. Kifua cha mgonjwa hubaki kimejaa, na kutoa hewa ndiko kunakomshinda. Utamwona amekunja midomo kama anayepuliza moto wa makala, akiisukuma kwa misuli hewa ambayo zamani ilitoka yenyewe.