Cawdor ni nani? Cheo, ngome na ukoo nyuma ya jina moja la Macbeth

Anayeisoma Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, kwa mara ya kwanza hukwama mapema. Katika onyesho la pili tu, Mfalme Duncan anaamuru Theni wa Cawdor auawe kwa uhaini, na cheo chake apewe Macbeth. Onyesho la tatu, wachawi watatu wanamwamkia Macbeth kwa jina hilohilo, naye anashangaa, kwa kuwa anavyojua yeye mwenye cheo yu hai na mambo yake yanamnyookea. Onyesho la nne tunaambiwa Cawdor ameshakufa. Halafu, katika sehemu ya pili ya mchezo, Macbeth anatoka chumbani kwa mfalme mikono ikichuruzika damu, akisema amesikia sauti: Cawdor hatalala tena. Cawdor yupi sasa? Yule aliyeuawa, au huyu aliyeua?

Wote wawili. Cawdor si jina la mtu, ni jina la mahali. Hutamkwa Koda, na ni kijiji chenye ngome kaskazini mwa Uskoti, karibu na mji wa Nairn, upande wa mashariki wa Inverness. Anayekabidhiwa ardhi ile huitwa kwa jina lake, na akiondoka yeye jina hubaki likimngoja mwingine. Ukilishika hilo, nusu ya ugumu wa mchezo umekwisha.

Neno theni nalo lahitaji maelezo. Katika Uskoti ya kale theni alikuwa mtu wa mfalme katika ardhi ya mfalme. Alikusanya kodi, ambayo aghalabu ilikuwa nafaka na mifugo. Alisikiliza mashauri ya watu wa eneo lake, na vita vikizuka aliwaongoza wanaume wake kwenda kupigana. Msomaji wa pwani akimfikiria akida wa zamani hatakuwa mbali sana, ila cheo cha theni kiliweza kurithiwa, baba akamwachia mwana, mpaka kikawa mali ya ukoo. Mwaka 1310 Mfalme Robert Bruce alimthibitishia William, theni wa mahali hapa, haki ya kuirithisha nafasi hiyo kwa malipo ya marki 12 (hesabu ya fedha ya enzi zile) kwa mwaka. Juu ya theni walikuwapo wakubwa wengine waliotawala majimbo mazima. Kwa hiyo mtu akisema "Theni wa Cawdor" hamtaji mkuu wa nchi. Anamtaja mwangalizi wa ardhi fulani, mwenye heshima yake, anayekula kiapo cha utii kwa mfalme. Kiapo hicho ndicho kinachoufanya uhaini wake uume.

Shakespeare aliandika tamthilia hii mnamo 1606, mwaka mmoja tu baada ya kugunduliwa njama ya kulilipua bunge la London pamoja na Mfalme James ndani yake. Watazamaji wake walikuwa bado na baridi ya uhaini mgongoni. Chanzo chake kikuu kilikuwa kitabu cha historia cha Mwingereza Holinshed, na mle habari ya Cawdor ni fupi mno: theni alihukumiwa kwa uhaini, na ardhi na madaraka yake akapewa Macbeth. Basi. Shakespeare akaichukua habari hiyo ndogo akaijengea mlango wa mchezo mzima.

Tazama alivyofanya. Theni yule wa kwanza hatumwoni kamwe jukwaani, wala hatuambiwi jina lake la kuzaliwa. Tunachosikia ni habari za kifo chake tu, kutoka kwa Malcolm, mwana wa mfalme: alikiri makosa, akaomba msamaha, akajuta kwa dhati, na katika maisha yake yote hakuna kilichompendeza kuliko namna alivyoyaaga. Duncan anamjibu kwa masikitiko kwamba hakuna elimu ya kusoma nia ya moyo katika uso wa mtu, na kwamba yule alikuwa muungwana aliyemwamini bila kubakiza chochote. Hajamaliza hata pumzi, Macbeth huyo anaingia. Mfalme anamgeukia na kumlaki kwa furaha, akimwita binamu yake mwenye thamani kupita wote. Ni mistari michache tu, lakini kila ninapoifikia hapo huiacha kidogo kabla ya kuendelea. Mzee ametoka kusema kwamba uso haujulishi, na dakika hiyohiyo anauamini uso mwingine wenye jina lilelile.

Lugha ya mchezo nayo inalishikilia jina hili kama vazi. Macbeth akiletewa habari ya cheo anauliza, mbona mnanivika nguo za kuazima? Kwa Kiswahili picha hii inaingia moja kwa moja, kwani wahenga wetu walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Karibu na mwisho, Angus, mmoja wa mabwana waliomgeuka, anairudia picha ileile: sasa anakisikia cheo chake kikimpwaya, kama joho la jitu juu ya mwizi mfupi. Kati ya kauli hizo mbili ndimo zilimo damu zote. Wasomaji wa Kiswahili waliipata hadithi hii kwa lugha yao mwaka 1968, Tanzania Publishing House ilipochapa Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi.

Ndivyo ilivyo jukwaani. Historia ina habari nyingine kabisa, na hapa ndipo wengi huchanganya. Macbeth wa kweli alikuwapo. Alikuwa mtawala wa jimbo la Moray, cheo kikubwa kuliko cha theni yeyote. Mwaka 1040 alipambana na Mfalme Duncan karibu na Elgin, na Duncan akafa katika mapambano hayo, si kitandani akiwa mgeni. Wala Duncan hakuwa mzee mwenye mvi. Macbeth akatawala miaka 17, muda mrefu kwa mfalme wa enzi zile, na mwaka 1050 alikwenda kuhiji Roma, safari asiyoweza kuifanya mtu anayehofia kiti chake. Aliuawa mwaka 1057 huko Lumphanan. Cawdor haimo katika habari hizo. Mwandishi wa historia Andrew wa Wyntoun, aliyeandika mapema katika karne ya 15, anasimulia ndoto ambamo wanawake watatu wanamtabiria Macbeth, lakini vyeo wanavyovitaja ni vya Cromarty na Moray, kisha ufalme. Karne moja baadaye, mwaka 1527, Hector Boece alichapa historia yake ya Uskoti kwa Kilatini, na humo ndimo Cawdor inapochukua nafasi katika utabiri. Kutoka kwake ikamfikia Holinshed, na kutoka kwa Holinshed ikafika jukwaani.

Kwa hiyo hata ngome yenyewe, ambayo wageni huingia wakitafuta chumba alichouawa Duncan, haina hatia. Kibali cha kuijengea maboma ni cha mwaka 1454, zaidi ya miaka 400 baada ya Duncan kuzikwa.

Ngome hiyo ina hadithi yake, na mimi naipenda kuliko zile za kuzushiwa. Inasimuliwa kwamba theni mmoja aliota ndoto akiambiwa ampakie punda sanduku la dhahabu, amwachie atembee mchana kutwa, na popote atakapolala jioni pajengwe ngome. Punda akazunguka, akachoka, akajilaza chini ya mti. Theni hakuukata. Aliujengea mnara kuuzunguka, na shina lake liko hadi leo katika chumba cha chini cha mnara, limekauka, limesimama wima kati ya sakafu ya mawe na dari. Kwa karne nyingi watu walisema ni mti wa miiba unaochanua maua meupe. Wataalamu walipoupima wakakuta ni mti mwingine, wenye majani yanayochoma yasiyopukutika hata wakati wa baridi, na kwamba ulikufa mnamo 1372. Ulikufa kwa kukosa mwanga, kuta zilipouzunguka. Maana yake mnara, au jengo fulani lililoutangulia, ulikuwapo kabla ya kibali cha 1454. Ndoto hatuwezi kuipima, lakini mti ule umetupa mwaka.

Kisa kingine ni cha mtoto wa kike, na hiki ndicho kinachoeleza kwa nini wenye Cawdor leo ni Campbell ilhali ukoo wa mwanzo ulikuwa Calder. Muriel Calder alizaliwa mwaka 1498, baba yake akiwa ameshafariki, na akawa mrithi wa ardhi yote. Eli wa Argyll, mkuu wa ukoo wa Campbell (eli ni lodi mwenye cheo kilicho juu ya baroni), alikuwa na haki ya kisheria ya kumsimamia yatima huyo na kumwoza. Mwaka 1499 alituma watu wamchukue. Simulizi ya ukoo inasema bibi yake alimchoma alama kwa ufunguo uliopashwa moto, na yaya wake akamng'ata ncha ya kidole kidogo ikatoka, ili siku moja akirudishwa ajulikane kuwa ndiye na si mwingine. Baba zake wadogo waliwafuatia watekaji mbio. Njiani Campbell mmoja akafunika sufuria kubwa chini, akawaacha wanawe wakiilinda kwa mapanga kana kwamba mtoto yumo ndani, na wakafa wakiilinda, huku mtoto akipelekwa mbali. Mtu alipouliza itakuwaje mtoto akifa kabla ya kuolewa, akajibiwa kwamba hatakufa maadamu yuko msichana mwenye nywele nyekundu kando ya ziwa Awe, nchini kwa kina Campbell.

Jibu hilo ni la kuogofya kuliko lolote wanalolisema wachawi wa Shakespeare. Kilichotakiwa hakikuwa mtoto, kilikuwa jina lake na ardhi iliyofungwa katika jina hilo. Muriel aliishi. Mwaka 1510, akiwa na miaka kama 12, aliozwa kwa Sir John Campbell, mwana wa Eli wa Argyll, na kutoka kwa wawili hao wakatoka Campbell wa Cawdor.

Sir John huyo naye ana damu yake. Dada yake alikuwa ameolewa na Lachlan Maclean wa Duart, mkuu wa ukoo wa Maclean, na simulizi inasema mume alimpeleka mkewe usiku akamwacha juu ya mwamba baharini, ule unaoonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa, ili bahari imfanyie kazi. Wavuvi wakamwokoa. Mwaka 1523 Sir John alimuua Maclean mjini Edinburgh. Kisa cha mwamba kikaja kuwa tanzia nacho: Joanna Baillie alikiandikia tamthilia iliyochezwa Edinburgh mwaka 1810. Familia moja, majukwaa mawili. Tofauti ni kwamba katika hii ya pili mwenye Cawdor alikuwa mtu wa kweli.

Baada ya hapo jina linaingia katika daftari la masharifu wa Uingereza. Kwa ndoa, Campbell wa Cawdor walipata pia ardhi kubwa huko Wales, na mwaka 1796 John Campbell akafanywa Baroni Cawdor. Hakukaa bure na cheo chake. Februari 1797 kikosi cha Wafaransa kiliposhuka pwani ya Wales karibu na Fishguard, ni yeye aliyewaongoza askari wa eneo hilo, na Wafaransa wakasalimu amri kwake siku mbili baadaye. Mwanawe akapandishwa kuwa Eli mwaka 1827, na mmoja wa vizazi vilivyofuata alisimamia wizara ya jeshi la majini la Uingereza mwaka 1905. Hawa ni watu waliovaa jina hilo wakiwa wamelirithi kwa halali, wakamtumikia mfalme wao vyema, na bado likitajwa popote duniani linalokuja kichwani ni yule msaliti asiye na jina na yule muuaji aliyemrithi.

Limebaki jambo la tahajia, nalo humpotosha anayesoma vitabu vya zamani. Jina la asili ni Calder. Mwandishi wa Kiingereza Samuel Johnson alipopita hapo Agosti 1773 aliandika kwamba alitembelea ngome ya Calder, ile iliyompa Macbeth cheo chake cha pili, akaona daraja la kuinuliwa bado lipo na handaki limekauka. Holinshed aliandika Cawder, na mchezo ulipochapwa mwaka 1623 ikawa Cawdor. Mapema katika karne ya 19 wenye ngome wenyewe wakalishika la Shakespeare: kijiji, ngome na ukoo vikaanza kuandikwa Cawdor, kama jukwaani. Ukikutana na Theni wa Calder katika hati ya kale, ni huyohuyo.