Kabla Mtaji Haujaingia, Nyenzo Ijaribiwe kwa Maji ya Nakuru

Wageni wanaofika katika maabara yetu hapa Nakuru wakitafuta utafiti wa kuwekea fedha huanza, karibu kila mara, kwa swali moja: gramu moja ya nyenzo hii inanasa uchafu kiasi gani? Ni swali halali, na mtafiti yeyote anapaswa kuwa na jibu lake. Hata hivyo, katika kazi yangu ya kemia ya nyenzo nimeona namba hiyo ikiwapotosha wengi, wenye fedha na watafiti pia. Kwa kuwa wanaofuatwa wachangie mitaji siku hizi si matajiri wa mbali tu bali pia vyama vya akiba na mikopo na vikundi vya akina mama vyenye akiba ya miaka, nimeona ni wajibu wangu kueleza kwa utulivu namna nyenzo hizi zinavyofanya kazi na mahali ambapo fedha hupotelea.

Nyenzo ninazozizungumzia ni zile zinazosanifiwa kuanzia kwenye umbo la molekuli zake ili zifanye kazi mahususi, kama vile kunasa sumu iliyoyeyuka majini, kutenganisha hewa moja na nyingine, au kupitisha maji huku zikizuia chumvi. Mfano uliovuma zaidi hivi karibuni ni viunzi vya metali na kaboni, ambavyo wanakemia huviita kwa kifupi MOF. Oktoba 2025 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilitolewa kwa ajili ya kazi hiyo kwa Susumu Kitagawa wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Richard Robson wa Chuo Kikuu cha Melbourne na Omar Yaghi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Fuwele hizi zimejaa vitundu vidogo mno, kiasi kwamba gramu chache tu, kama ingewezekana kuzikunjua, zingefunika uwanja wa kandanda, na kila mahali kwenye uso huo molekuli ya maji, ya hewa ya ukaa au ya sumu inaweza kushika.

Si ajabu basi kwamba mitaji inazifuata. Mwaka 2022 kampuni kadhaa kubwa za Marekani na Kanada, zikiwemo Stripe, Alphabet, Meta na Shopify, ziliahidi kwa pamoja dola milioni 925 za kununua huduma ya kuondoa hewa ya ukaa angani, na ahadi ya namna hiyo huwafanya wawekezaji wengine waamini kwamba nyenzo ikipatikana, mnunuzi atakuwepo. Bonde letu la Ufa limeingia katika hesabu hizo kwa sababu mbili ambazo mkazi wa hapa anazijua kwa macho: mvuke wa ardhini wa Olkaria na Menengai, na miamba ya volkano iliyo chini ya miguu yetu. Nyenzo inayonasa hewa ya ukaa huhitaji joto ili iiachilie na kutumika tena, na mvuke una joto hilo. Miamba ya basalti nayo inaweza kuigeuza hewa hiyo kuwa mawe, kama majaribio ya Iceland yaliyochapishwa mwaka 2016 yalivyoonyesha. Ndiyo maana Octavia Carbon, kampuni ya Kenya ya kunasa hewa ya ukaa angani, ilichagua eneo la Gilgil. Jamii inayoishi karibu na miradi ya kaboni, yaani inayolipwa kwa kupunguza au kuondoa hewa ya ukaa, inafaa ijue pia kwamba marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023 yameipa sehemu ya mapato: angalau asilimia 40 kwa miradi inayotegemea ardhi na asilimia 25 kwa mingine.

Upande wa pili wa historia hii hautajwi sana kwenye mikutano ya kutafuta wawekezaji. Kati ya mwaka 2006 na 2011 wawekezaji wa Marekani waliweka zaidi ya dola bilioni 25 katika kampuni changa za teknolojia safi, na watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) waliofuatilia fedha hizo walikuta kwamba zaidi ya nusu zilipotea. Waliofanya vibaya zaidi ni wale waliokuwa wakitengeneza nyenzo, kemikali na mbinu mpya za uzalishaji. Hata kampuni kubwa hazikusalimika. Bayer ya Ujerumani ilifungua mwaka 2010 kiwanda cha mirija midogo sana ya kaboni chenye uwezo wa tani 200 kwa mwaka, na kufikia 2013 ilikuwa imeiacha biashara hiyo kwa kukosa soko la kutosha. Sababu kuu ni muda. Mwekezaji wa kawaida wa kampuni changa hutaka fedha zake zirudi baada ya miaka mitano au saba, ilhali Robson alichapisha kazi yake ya kwanza mwaka 1989 na ni mwaka 2023 ambapo BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, ilitangaza kuzalisha nyenzo za aina hiyo kwa mamia ya tani kwa ajili ya kunasa hewa ya ukaa. Hiyo ni miaka 34, na hakuna chama cha akiba kinachoweza kungoja kiasi hicho.

Kwa hiyo badala ya kuanza na nyenzo kisha kutafuta tatizo, mimi hupendelea kuanza na tatizo lililopo mlangoni petu, na kwa Nakuru tatizo hilo ni floraidi. Visima vingi vya Nakuru, Njoro, Gilgil na Naivasha hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, kwa sababu maji hukaa muda mrefu ndani ya miamba ya volkano na kuyeyusha madini yake. Meno yenye madoa ya kahawia ambayo watoto wetu wanachekwa nayo wanapokwenda kusoma mikoa mingine hutokana na maji waliyokunywa wakiwa wadogo, wala si uchafu wa kinywa. Kwa mtu aliyekunywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka mingi, mifupa na viungo pia hukakamaa. Naomba jambo hili lishikwe na kila mzazi: kuchemsha maji hakuondoi floraidi, bali huiongeza makali kwa kuwa maji hupungua na floraidi hubaki.

Nyenzo iliyotangulia kulikabili tatizo hili hapa haikutoka ng'ambo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mpango wa maji wa Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ulianza kutumia makaa ya mifupa, yaani mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni inayochomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo kwa nyuzi 400 hadi 500 hivi, kisha kusagwa na kupepetwa. Kinachobaki ni madini ya kalsiamu na fosfeti ambayo hupokea floraidi na kuiweka mahali pa kiungo kingine ndani ya fuwele yake. Ukishika chembe hizo kiganjani ni nyepesi, za rangi ya kijivu iliyokoza, na huacha vumbi kwenye vidole kama masizi. Ustadi wote uko kwenye tanuri. Mifupa ikiungua kidogo maji hutoka na harufu na rangi ambayo hakuna mama atakayeivumilia jikoni, na ikiungua kupita kiasi huwa nyeupe kama chokaa na kupoteza nguvu yake ya kunasa.

Nilijifunza uzito wa jambo hili kwa kosa letu wenyewe. Tulikuwa na unga mweupe wa oksidi ya metali uliotengenezwa vizuri sana, na katika maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyoondolewa madini, tuliyoyatia floraidi wenyewe ulifanya kazi hata tukaanza kuandika maombi ya fedha. Kisha mwanafunzi wetu wa uzamili akaleta mtungi wa lita 20 kutoka kisima kimoja cha upande wa Njoro. Nilikaa mbele ya kipimo, kijiti chenye fuwele nchani kinachotumbukizwa kwenye sampuli, nikisubiri namba itulie, na ilipotulia ilikuwa karibu sana na ile ya maji ambayo hayakuguswa. Hatukuwa tumekosea kupima. Maji ya bonde hili yana magadi, na magadi hugombania nafasi zile zile ambazo floraidi ingeshika. Tena nyenzo nyingi za oksidi hufanya kazi vyema katika maji yenye uchachu kidogo, si katika maji kama yetu. Zile kurasa za maombi tuliziweka kando.

Hesabu ifuatayo inaweza kufanywa na mweka hazina yeyote wa kikundi, na mimi huifanya mbele ya kila mwekezaji. Tuchukulie familia inayotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika, na kisima chenye miligramu 6 za floraidi kwa lita. Ili kushuka hadi 1.5 inabidi kuondoa miligramu 90 kila siku. Ikiwa gramu moja ya makaa ya mifupa inanasa miligramu 2 katika matumizi halisi, familia hiyo inamaliza gramu 45 kwa siku, yaani kilo 9 kwa siku 200. Sasa aje mtu na nyenzo mpya inayonasa miligramu 20 kwa gramu. Inaonekana kama muujiza, kwa sababu gramu 900 zinatosha kwa siku zile zile. Lakini faida hiyo inabaki pale tu ambapo kilo moja ya nyenzo mpya haizidi bei ya kilo kumi za makaa. Magadi yakipunguza uwezo wake hadi miligramu 5, haipaswi kuzidi bei ya kilo mbili na nusu. Nyenzo zinazotengenezwa kwa metali adimu na viyeyushi vya bei ghali hazifiki hapo, angalau kwa sasa, na mwekezaji aliyeonyeshwa namba ya kwanza bila ya pili ameonyeshwa nusu ya habari.

Kisha kuna swali ambalo huulizwa mara chache kuliko yote: nyenzo ikishajaa inakwenda wapi? Makaa ya mifupa yanaweza kuoshwa kwa magadi makali ya sodiamu yakatumika tena, ingawa maji ya kuoshea hubaki na floraidi nyingi na hayawezi kumwagwa mtaroni. Nyenzo inayonasa zebaki au aseniki hubaki na sumu hiyo ikiwa imekusanyika mahali pamoja. Tukinunua vichujio elfu moja bila mpango wa kuvirudisha, tutakuwa tumeutoa uchafu kisimani na kuupeleka jalalani, na mvua itaurudisha. Gharama ya kurudisha, kuosha au kuzika salama ni sehemu ya bei ya nyenzo tangu siku ya kwanza, na isipoonekana kwenye mpango wa biashara, basi kuna mtu mwingine atakayeilipa, kwa kawaida mkazi wa karibu na jalala.

Upande wa Kisumu hali inatofautiana kidogo, kwa kuwa kule malighafi yenyewe ndiyo kero. Gugumaji limesumbua Ghuba ya Winam tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na watafiti wameonyesha kwamba linaweza kugeuzwa kuwa kaboni ya kuchujia maji, mbao za kubandika au vifungashio vinavyooza. Mawazo haya ni mazuri na ninayaunga mkono. Ila anayeweka fedha akumbuke kwamba kati ya kila kilo 100 za gugumaji mbichi zaidi ya 90 ni maji, hivyo lori lililojaa huleta kiwandani mzigo mdogo sana wa nyuzi kavu, na kukausha kunahitaji ama jua na nafasi au kuni na fedha. Upepo nao una la kusema: leo zulia la majani limeziba Dunga, wiki ijayo liko Kendu Bay, na mashine iliyonunuliwa kwa mkopo haitembei ziwani kulifuata. Aidha gugumaji hunyonya metali nzito zilizomo majini, kwa hiyo bidhaa yoyote itakayogusa chakula ni lazima ipimwe kwanza. Maganda ya mpunga ya Ahero hayana tatizo la kuhamahama. Hupatikana kinuni yakiwa makavu, na majivu yake yana kwa wingi silika, madini yale yale ya mchanga, ambayo ni msingi wa nyenzo nyingi za kunasa uchafu. Nashangaa kwamba yanavutia mitaji kidogo kuliko gugumaji, labda kwa sababu hayapendezi kwenye picha.

Fedha zinapopatikana, mahali zinapohitajika zaidi ni kati ya maabara na kiwanda. Kutengeneza gramu tano ni kazi ya mwanafunzi mmoja na jiko la umeme. Kilo mia moja zinazofanana mwanzo hadi mwisho zinahitaji tanuri lenye udhibiti wa joto, fundi wa kulitunza, na mwaka mzima wa kujaribu visimani wakati wa kiangazi na wakati wa masika. Ruzuku za utafiti kwa kawaida huisha kabla ya hapo na benki hazijaanza. Mwekezaji mvumilivu, serikali ya kaunti au ushirika wenye visima vyake wanaweza kuliziba pengo hilo, hasa wakiingia kama wanunuzi walioahidi kununua nyenzo itakayofikia kiwango walichokiandika wao wenyewe, badala ya kuwa wenye hisa tu.

Kwa wanaoletewa maombi ya mtaji wiki hii, na kwa vijana wenye nyenzo zao mikononi, maabara yoyote ya maji inayoaminika inaweza kufanya jaribio la kwanza kwa siku chache. Isitumwe gramu tano zilizochaguliwa. Itumwe kilo moja kutoka kwenye mkupuo wa mwisho wa uzalishaji, pamoja na mtungi wa lita 20 wa maji ya kisima ambacho nyenzo hiyo inakusudiwa kukitibu, ukiwa umejazwa hadi mdomoni, umefungwa na kuandikwa tarehe, na jaribio lirudiwe kwa nyenzo ile ile baada ya kuoshwa mara tatu.