Dhana potofu kuhusu kumfundisha mtoto saa

"Saa ya Kiswahili itamchanganya, anasoma shule ya Kiingereza."

Wazazi wa hapa Arusha wanaipenda sana hii. Lakini utamficha mpaka lini? Asubuhi mwalimu anaandika ubaoni 8:00, mchana bibi anampigia simu kuwa atafika saa kumi, jioni konda anatangaza Coaster ya Moshi inaondoka saa kumi na moja. Mtoto anakutana na zote mbili siku moja. Tofauti yenyewe haibadiliki: ni masaa sita, dakika zilezile. Kwenye saa ya ukutani mwonyeshe namba ya mshale mfupi, kisha namba inayotazamana nayo. 7 inatazamana na 1, 9 na 3. Hana haja ya kujumlisha chochote.

Na kuna mahali saa ya Kiswahili inambeba kabisa. Shule inaanza 7:30 asubuhi, inafunga 3:30 alasiri: mtoto amekaa shuleni muda gani? Aliyezoea kutoa tu anaandika masaa manne na kufunga daftari. Muulize tena, kuanzia saa 1:30 hadi saa 9:30. Manane, hata kalamu hashiki. Kwa Kiingereza hesabu inavuka 12 katikati ya mchana. Kwa Kiswahili inaivuka asubuhi na jioni, hivyo mchana wote unahesabika mfululizo. Mtego wake uko kwingine: basi la Dar linatoka saa 12 asubuhi na kufika saa 10 jioni, mtoto anakujibu masaa mawili. Mwambie hiyo 12 ya asubuhi aihesabu kama sifuri.

"Muda uliopita ni kutoa tu."

Mpe 3:20 kutoa 1:45 aipange wima kama hesabu nyingine. Atakuletea 1:75, kwa sababu ameazima mia badala ya sitini. Kumkemea hakusaidii. Mchoree mstari: kutoka 1:45 mpaka 2:00 ni dakika 15, mpaka 3:00 ni saa moja, mpaka 3:20 ni dakika 20. Jumla saa 1 na dakika 35. Kuazima sitini atajifunza baadaye, akiwa tayari anajua jibu linapaswa kukaribia wapi.

"Anasoma saa kwenye simu, basi anaijua."

Anasoma tarakimu. Muulize zimebaki dakika ngapi ifike saa kamili, utaona.

"Saa ya boksi inatosha."

Inatosha kuanzia. Shida ni ile pini ya katikati: mishale inazunguka kila mmoja kivyake, basi kwa 3:30 mtoto anaweka mfupi juu ya 3 kabisa na mrefu juu ya 6. Kwenye saa halisi mfupi uko katikati ya 3 na 4. Ndiyo maana 7:45 wanaisoma 8:45: mshale mfupi umeshaikaribia 8. Tafuta saa mbovu ya ukutani, uzungushe kitufe cha nyuma, aone mishale ikitembea pamoja.

"Saa 12 asubuhi ndipo jua linapochomoza."

Kwa Arusha, si kweli. Saa za Tanzania zinafuata longitudo 45 mashariki, iliyo nje ya nchi, na sisi tuko karibu na 37, magharibi zaidi, hivyo jua linachelewa kutufikia. Jua letu huchomoza kati ya saa 12:10 na 12:40 hivi, kutegemea mwezi.