Ukihesabu Pete za Mti Elburgon, Usiharakishe Kutaja Umri

Wapasuaji wa mbao Elburgon na Molo, huku Nakuru, Kenya, wanaijua desturi hii: gogo likilala chini, mtu huinama, huhesabu pete, ile miduara inayoonekana shina likikatwa, kisha hutangaza kwamba mti una miaka 60. Penye majira ya baridi kali angekuwa karibu na ukweli. Huku kwetu huenda amekosea sana, na sababu ni mvua.

Chini ya gome pana utando mwembamba ambao ndio hunenepesha shina. Maji yakiwa tele, seli za mbao hukua pana na rangi yake huwa nyeupe. Maji yakipungua, seli huwa ndogo, zikashonana, rangi ikakolea. Mti unaolala, yaani unaoacha kukua, mara moja kwa mwaka huacha pete moja. Ndivyo mwanafalaki Mmarekani A. E. Douglass, aliyeanzisha maabara ya pete za miti katika Chuo Kikuu cha Arizona mwaka 1937, alivyoweza kupanga miaka kwa kulinganisha mfuatano wa pete nyembamba na nene kutoka mti hadi mti.

Nakuru hakuna baridi ya kuulaza mti. Tuna masika ya Machi hadi Mei, mvua ya Agosti katika nyanda za juu, kisha vuli. Ukavu mfupi katikati waweza kuchora pete ya uongo, na mwaka wa ukame mkali waweza kupita bila pete upande mmoja wa shina. Kakamega, udongo unakokauka kwa nadra, miti mingi ya msituni haina pete za kueleweka.

Kwa hiyo pete zetu zinahitaji shahidi. Sipresi ya shamba la serikali ni shahidi mzuri, maana mwaka wa kupandwa umo daftarini: tunahesabu, tunalinganisha. Shahidi mwingine alitoka angani. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 yaliongeza mno kaboni-14, aina ya kaboni yenye mnururisho, hewani, na mti uliokuwa ukikua wakati Kenya inapata uhuru umeihifadhi ndani ya mbao yake. Ikipatikana katika pete isiyolingana na hesabu, basi hesabu ndiyo mbovu.

Mti ninaoutumainia zaidi ni mtarakwa, huu huu wa nguzo za ua. Nchini Ethiopia watafiti wameweza kuoanisha pete zake na kumbukumbu za mvua. Vipimo vya mvua vya Kenya havirudi nyuma sana kupita mwisho wa karne ya 19, ilhali mtarakwa huishi karne kadhaa. Tukifaulu kusoma mvua za kale katika pete zake, tutaanza na miaka tunayoijua: mvua ya 1961 iliyopandisha Ziwa Victoria, kiangazi cha 1984, El Niño ya 1997. Pete zikiikubali hiyo, ndipo tutaziamini kuhusu miaka ambayo hakuna aliyeipima.

Ombi langu ni kwa wenye viwanda vya mbao na wazee wenye nguzo kuukuu. Msichome vipande. Kateni kisahani cha unene wa vidole vitatu, kikiwa na gome ikiwezekana, kikaukie kivulini. Andikeni kwa penseli aina ya mti, mahali ulipoota na mwaka ulioangushwa. Bila mwaka huo, hatuna pa kuanzia kuhesabu.