Draiva ya tachi ni nini, na lini tatizo si draiva

Kioo cha laptopu kikiacha kuitika kidole, mafundi wa Mwanjelwa kule Mbeya au Miyomboni ya Iringa watakwambia moja kati ya mawili: kioo kimekufa, au ni mambo ya draiva. Jibu la kwanza ni la kununua kioo, na kioo cha tachi si cha bei ndogo ukilinganisha na laptopu ya mtumba. La pili huweza kuisha bila kushika bisibisi. Ni vizuri ujue tofauti kabla hujatoa hela.

Tachi na picha ni mifumo miwili. Kwenye kioo kuna tabaka la mistari myembamba inayopitisha umeme lakini haionekani kwa macho, kwa kawaida ya oksidi ya indiamu na bati, imepangwa wima na mlalo kama karatasi ya grafu. Mwili wa mtu unapitisha umeme, kwa hiyo kidole kikigusa, chaji ya mahali pale hubadilika. Chipu ndogo inapima mabadiliko hayo mara nyingi kwa sekunde na kutoa namba: kidole kiko wima huu, mlalo huu. Ndiyo maana picha inaweza kung'aa huku tachi imekufa kabisa. Na ukiwa Makete mwezi wa Julai, umevaa glovu za sufu kwa sababu ya baridi, kioo kisipoitika usimtafute fundi. Vua glovu.

Draiva ni programu inayopokea namba za ile chipu na kuzifikisha kwenye Windows kwa lugha inayoeleweka huko. Windows kuanzia toleo la 8, la mwaka 2012, huja na draiva ya kawaida ya tachi ndani yake. Kwenye Device Manager, yaani orodha ya vifaa vya mashine ndani ya Windows, inaonekana kwa jina la HID-compliant touch screen. Kwa hiyo anayehangaika mtandaoni kutafuta "draiva ya tachi" mara nyingi anatafuta kitu alichonacho tayari. Kinachokosekana ni draiva ya njia. Laptopu nyingi huunganisha tachi na ubao mama kwa njia iitwayo I2C, na kwenye mashine nyingi zenye prosesa ya Intel njia hiyo inahitaji draiva ya Intel Serial IO. Laptopu ya mtumba iliyopigwa Windows upya kwa flashi inaweza kuikosa hiyo, na tachi ikabaki kimya huku kioo ni kizima. Ichukue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine, kwa kutumia namba iliyo chini ya laptopu. Zile programu zinazoahidi kukuwekea draiva zote kwa mbofyo mmoja mimi sizigusi. Zinamaliza bando na kukuachia matangazo.

Kabla ya yote, chagua Restart. Kuzima na kuwasha si kitu kilekile: Windows za sasa, Fast Startup (mpangilio wa kuwaka haraka) ikiwa imewashwa, ukizima zinahifadhi hali ya draiva na kuirudisha vilevile ukiwasha, pamoja na kasoro yake. Restart ndiyo inayopakia draiva upya.

Ikigoma, fungua Device Manager uangalie sehemu ya Human Interface Devices. Kama tachi ipo, bofya kulia, izime kwa Disable, kisha iwashe kwa Enable. Ukiona pembetatu ya njano au kishale cha kuelekea chini, soma namba ya kosa. Kodi 22 maana yake kimezimwa tu, na 28 ni draiva haijawekwa. Kodi 10 na 43 ndizo zenye utata, maana waya uliolegea na draiva mbovu vyote vinaweza kuzileta.

Hapo ndipo flashi ya Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, inapoamua kesi. Mwalimu mmoja wa Mafinga alileta laptopu mezani kwa kijana wa ufundi akiwa tayari na hela ya kioo.

"Shikamoo mwalimu. Ilianguka?"

"Marahaba mwanangu. Haijaanguka, imeacha tu baada ya kuapdeti."

Kijana akaiwasha kwa flashi, akachagua kujaribu Ubuntu bila kuiweka kwenye diski, akamwambia mwalimu aguse mwenyewe. Menyu ikafunguka. Kioo, waya na chipu vilikuwa vizima, kwa kuwa Ubuntu inatumia draiva zake yenyewe; ugonjwa ulikuwa ndani ya Windows. Kama tachi ingekuwa imekufa hata huko, lawama ingehamia kwenye vifaa, ingawa zipo tachi chache ambazo Ubuntu haizitambui.

Dalili nyingine hazihitaji hata flashi. Mstari mmoja wa kioo ukifa na sehemu nyingine zikafanya kazi, achana na draiva: ile mistari ya umeme imekatika. Kioo kinachojibofya chenyewe kijaribu kwanza kwa betri peke yake, maana chaja ya bei rahisi huingiza umeme mchafu unaoichanganya chipu. Ukichomoa na kikatulia, badilisha chaja. Kikiendelea, futa unyevu, halafu tazama kama kava la laptopu limetuna. Betri iliyovimba inaweza kusukuma vitu visivyotakiwa kusukumwa, na hiyo si ya kuendelea kuchaji hata kidogo.

Kwa anayenunua mtumba kuna jambo moja zaidi: modeli nyingi huuzwa za tachi na zisizo na tachi, na kioo kilichovunjika huweza kubadilishwa kwa cha kawaida. Hapo hakuna draiva itakayosaidia. Kabla ya kulipa, ingia Settings, System, kisha About, usome mstari wa Pen and touch. Ukikuta panataja idadi ya sehemu za kugusa, fungua Paint uchore kwa kidole mistari ya karibukaribu kutoka ukingo hadi ukingo, juu hadi chini. Mstari ukikatika kila unapopita mahali palepale, shusha bei au rudisha mashine.